Kidole Kwenye Mizani

6 Februari

Baba,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Mama ameniambia kwamba hata ukioga huvui kile kibandiko cha plastiki, na kwamba daktari wako unamwita "yule kijana" ingawa ana mvi kukushinda. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Nakuandikia barua kwa kufuata sheria yako: mambo ya kifurushi chetu cha programu tunayaandika mtandaoni kila mtu ayasome, mambo ya nyumbani tunaandikiana sisi kwa sisi. Hili la leo ni kifurushi nusu na nyumbani nusu, sasa sikujua nililaze wapi.

Umeona alichoandika yule mfamasia wa wodi ya watoto. Akiipa Pishi yetu ibadilishe kipimo kidogo sana cha dawa, chini ya nusu kijiko, kompyuta inakikuza mpaka kifike nusu. Bahati nzuri yeye ni mtu wa kurudia hesabu kwa mkono, akaliona tatizo kabla dawa haijamfikia mtoto yeyote. Sasa amebandika karatasi kwenye kompyuta ya wodi: "Msiiamini Pishi kwa vipimo vidogo." Baba, watu wengine wamekua na ndugu wa kugombana nao, mimi nimekua na Pishi, kifungua mimba wenu, ndiyo maana mnaniita Kitinda. Ile karatasi imeniuma.

Kasoro nimeipata na nimeirekebisha. Ni mstari mmoja tu, wa enzi zenu wewe na Baba Mdogo, kabla sijajua kusoma. Kilichobaki ni kutoa toleo jipya, na toleo halitoki bila wewe. Kompyuta za watu zinaangalia kwanza kama lina sahihi ya ufunguo wako, zisipoiona zinalikataa, na zinafanya vizuri. Basi andika neno lako la siri, tia sahihi, mfamasia wa watu abandue karatasi yake.

Halafu kuna ule mtambo wangu wa kutolea matoleo. Nimeupa jina la Mlangoni, kwa ajili ya Mama, alivyokuwa akisimama mlangoni asubuhi kukagua kola na viatu kabla mimi na wewe hatujatoka. Unauliza: umejaribu? Umeandika maelezo? Aliyekosea ameandika mstari wake? Halafu unasubiri watu wawili waseme ndiyo, ndipo unafungua. Najua unapenda kutoa matoleo kwa mkono, chai pembeni, ukisoma kila kitu kwa sauti. Sikuondoi. Utupie jicho tu.

Kitinda wako


11 Februari

Kitinda,

Marahaba mwanangu. Jicho linaona. Linaona mpaka vumbi lililo juu ya kabati, na nilipolitaja mama yako akanipa kitambaa. Ningejua ningebaki na ukungu wangu.

Marekebisho yako nimeyasoma. Yamenyooka. Ule mstari wa zamani ni wangu kabisa, usimsingizie Baba Mdogo, Pacha wangu. Nilikuwa bado na akili ya mkaguzi wa mizani. Sokoni kila mtu alilia kwamba anapunjwa, kwa hiyo nilipoandika Pishi niliona kama ni lazima ikosee, heri ikosee kwa kuzidisha. Nilifikiria mchele. Dawa ya mtoto haikunijia kichwani.

Kuhusu toleo, nipe muda kidogo. Yule kijana amenikataza kukodolea skrini. Tena nataka kuyasoma upya taratibu, unanijua nilivyo. Na wiki hii si nzuri, maofisi mengi bado yanafunga hesabu za Januari, si wakati wa kuwabadilishia watu kitu. Wiki ijayo tutaona.

Mtambo wako nimeutupia jicho, lile zima. Unauliza maswali mengi kuliko mama yako na hauleti chai.

Kula vizuri. Mkate mkavu mbele ya kompyuta si chakula.

Baba


12 Februari

Pacha,

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Siku moja kabla ya operesheni, nesi alinieleza kwamba nitachomwa dawa ya usingizi. Akanitania kwamba wazee wengine wakishachomwa wanaropoka, wanataja hata wapenzi wao wa zamani. Mimi wapenzi wa zamani sina. Nina ufunguo wa Pishi. Nikawaza, nikilitaja neno la siri pale mezani mbele ya watu wote wale waliovaa barakoa, itakuwaje? Basi nikarudi nyumbani nikalibadilisha. Nikatunga sentensi mpya kabisa, ya kipuuzi, ili hata nikiropoka waseme ni dawa. Ilikuwa na kuku ndani yake. Au bata. Nikairudia mpaka nikaridhika, na ile ya zamani nikaifuta. Kesho yake nikalala, nikaamka na jicho jipya, sentensi haipo.

Nesi anasema sikuropoka hata neno. Nilikoroma tu.

Najua utauliza kwa nini sikuiandika mahali. Mimi ndiye niliyetangaza kwamba neno la siri haliandikwi popote. Kitinda alipoandika lake ukutani kwa penseli, akiwa shule ya msingi, nilimfutisha ukuta mzima kwa sabuni. Leo niende kumwambia nini?

Na siyo aibu tu, Pacha. Nikisema nimesahau, wataanza kunisemesha polepole. Nimewaona wanavyowasemesha wenzetu. Yule mtoto kila siku ananiuliza mambo: Baba hiki kinafanyaje kazi, Baba ungekuwa wewe ungefanyaje. Akijua, ataacha kuniuliza mambo, atabaki kuniuliza hali. Hilo sina kifua cha kulibeba.

Nipe siku chache, litarudi lenyewe. Usimwambie mtu. Ningekupigia simu, lakini kuta za nyumba hii ni nyembamba na mke wangu masikio yake hayajawahi kuhitaji operesheni.

Wako


18 Februari

Wewe mzee,

Nakuandikia kwa dole gumba lenye grisi, ukikuta makosa yameze hivyo hivyo. Nimecheka mpaka mteja akadhani nafurahia kukatika kwa mnyororo wa baiskeli yake.

Jaribu bata. Jaribu kuku. Jaribu kanga. Ikishindikana mwombe yule nesi akuchome tena, labda sentensi imebaki huko ulikolala.

Sasa utani tuuweke kando. Mwambie mtoto. Mimi mgongo uliponishinda kukaa kwenye kompyuta nilikuambia waziwazi, ukaninunia mwezi mzima, kisha ukaja mwenyewe hapa karakana na pancha ya uongo. Tairi lilikuwa zima! Ulitaka tu kuongea. Kama wewe ulilibeba hilo ukaja, na mwanao ataweza kubeba hili. Ufunguo unabadilishwa, dunia haisimami. Ila wodi ya watoto haiwezi kukaa inamsubiri bata wako.

Njoo Jumamosi tucheze drafti. Pancha si lazima.

Pacha


27 Februari

Baba,

Shikamoo.

Wiki ijayo imekuja, imepita, na nyingine inapita. Kwanza ilikuwa jicho. Halafu hesabu za maofisi. Halafu ukasema unataka kusikia maoni ya watumiaji, wakatoa, wote wakasema toa. Juzi umeandika pale mtandaoni kwamba "jambo hili linahitaji utulivu". Utulivu upi, Baba? Mfamasia ameuliza tena, kwa adabu zote, na manesi wake wanakokotoa dawa kwa kalamu huku wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido.

Nimekaa nikafikiri sana kabla ya kuandika haya, kwa hiyo usiseme nina hasira. Nina hasira, lakini nimefikiri.

Unakumbuka nilivyoiharibu Pishi nikiwa na miaka kumi na minne? Nilibadilisha galoni na lita, watu wa rangi za nyumba wakachanganya rangi ya ajabu, na wewe ulirekebisha halafu ukanivutia kiti. Ulisema kwenye nyumba hii aliyekosea anaandika mstari wake mwenyewe, kwenye maelezo ya toleo, dunia nzima isome. Nikaandika nikilia: "Kosa hili ni langu, Kitinda." Ulinishika bega ukasema sasa wewe ni fundi. Baba, sijawahi kupata cheti kinachozidi hicho.

Sasa kasoro ya safari hii ni yako, umekiri mwenyewe kwenye barua. Na toleo halitoki. Nimetafuta sababu nyingine nimeikosa. Naona unaogopa kuandika mstari wako.

Kama mpaka katikati ya Machi hujatia sahihi, nitachukua nakala ya Pishi niitoe mwenyewe kwa jina jingine. Sheria ya programu huria inaruhusu, wewe ndiye uliyenifundisha. Nimeshapata jina, nitaiita Kijiko. Watu watalazimika kuchagua kati ya yako na yangu. Sitaki hivyo hata kidogo. Nimeandika sentensi hii huku mkono hautaki.

Kitinda


2 Machi

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Fanya unavyoona inafaa. Kijiko ni jina zuri.

Baba


4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila nyumba imepoa. Mimi si mwandishi kama ninyi, lakini baba yako simu haitaki, na nikikupigia atanisikia.

Sijui ulimwandikia nini. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaenda kutengeneza bomba la jikoni. Bomba lilikuwa zima. Sasa linavuja.

Lakini la bomba siyo lililonifanya nishike kalamu. Tangu atoke hospitali, baba yako ananong'ona peke yake. Namkuta bafuni, "kuku mweupe juu ya paa, kuku mweusi juu ya paa", akiniona anajikohoza. Mwanzo nilidhani ana mtu. Nikajiuliza ni mwanamke gani huyo anaitwa kuku mweupe. Nikamfuatilia. Kumbe kila asubuhi, nikienda kuoga, anakaa kwenye kompyuta. Anachapa kitu, inalia tii. Anafikiri, anachapa tena, inalia tii. Anaikalia hivyo mpaka ananisikia natoka, halafu anafungua habari za mpira, mtu ambaye hajui hata timu. Jana nilisimama nyuma yake muda asijue. Mwanangu, alikuwa kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe na hafunguliwi.

Mimi vifurushi vyenu sivijui. Nimeishi na kimoja hicho kwenye meza ya kulia tangu kabla hujazaliwa na sijawahi kukielewa. Lakini mume wangu namjua. Huyu haogopi mtu kumsema. Huyu ameishiwa na kitu na hataki tuone.

Usimwambie nimekuandikia. Na uje, chumba chako nimekifagia.

Mama


6 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Najua ni miaka tangu tuandikiane, na kwamba ulishaapa kompyuta na wewe basi. Nisamehe, sina kwingine pa kukimbilia.

Baba amesahau neno la siri la ufunguo. Sijaambiwa na mtu, nimeunganisha mwenyewe, na nikishaunganisha nimelia mpaka nimechoka. Nilimwambia anaogopa kuandika mstari wake. Baba yangu! Mtu aliyeandika mistari yake yote, mpaka ile ambayo makosa hayakuwa yake, ya kumfichia aibu mgeni aliyeleta msimbo mbovu. Kama ulishaambiwa haya usinijibu hilo, naelewa.

Ninachoomba ni kimoja. Ghala la vifurushi, kule mtandaoni watu wanakochukulia programu, linakubali kupokea ufunguo mpya kama mmiliki mwingine wa kifurushi ataingia na kuthibitisha. Nilidhani mmiliki ni Baba peke yake. Leo nimeangalia. Jina lako bado lipo, la kwanza kabisa, juu ya lake. Hakuwahi kukufuta.

Je, bado unaweza kuingia? Na kama unaweza, tafadhali Baba asijue kwamba mimi najua. Nataka nimfungulie mlango apite mwenyewe, bila mtu kumshika mkono.

Mwanao, Kitinda


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako aliniambia nisimwambie mtu, basi sikuambii. Soma tu kati ya mistari, macho unayo.

Kwa hiyo jina langu lipo. Alinihakikishia alishaliondoa, kwa maneno makali, siku zile za kununa! Nimekaa na ujumbe wako mkononi, mteja ananiuliza bei ya tairi, namjibu "ndiyo". Mnafiki mkubwa yule. Nampenda sana.

Sasa kuhusu kuingia. Usimwambie, lakini mimi ile sheria ya kutoandika sikuifuata hata siku moja. Neno langu la siri nililiandika kwa rangi nyekundu ukutani hapa karakana, nyuma ya pampu, herufi kubwa. Kila mtu anadhani ni jina la kampuni ya tairi. Kuna mteja aliwahi kuniuliza kama nauza. Baba yako mwenyewe amekaa chini yake miaka yote hii akicheza drafti na kushindwa.

Nimeliandika, likafungua. Nimeona mahali pa kuthibitisha ufunguo mpya, kitufe hiki hapa. Lakini sibonyezi, mwanangu, mpaka mwenyewe akubali. Pishi ni yake kabla haijawa ya mtu. Wewe mfungulie huo mlango. Mimi niko nyuma yake na pampu.

Baba Mdogo


12 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeiacha Kijiko. Barua yangu ile ilikuwa na maneno makali kuliko yalivyostahili, naomba yasikae rohoni mwako.

Nimekuja na wazo, ulitazame kama fundi. Nimekuwa nikisoma jinsi wenzetu wenye vifurushi vikubwa wanavyotoa matoleo siku hizi, na wote wanaukimbia ufunguo wa mtu mmoja. Ni hatari. Mtu anaweza kugongwa na baiskeli ya Baba Mdogo, kila kitu kikasimama. Napendekeza tuustaafishe ufunguo wa zamani, siyo kwa sababu una tatizo lolote, ila umezeeka. Teknolojia yake imepitwa. Badala yake kila mmoja wetu anakuwa na kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, hiki nilichokuwekea kwenye bahasha. Hakina neno la siri. Mlangoni ukiuliza, unakigusa kwa kidole, basi, umesema ndiyo.

Ni mambo ya kiufundi tu. Ningekuwa na Pishi changa ningefanya hivi hivi.

Unaonaje? Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kitinda


16 Machi

Kitinda mwanangu,

Marahaba.

Nimekagua mizani nusu ya maisha yangu. Mwenye duka akitaka kumpunja mteja anaweka kidole chini ya sahani ya mawe ya mizani. Lakini niliwahi kumkuta mama mmoja muuza maharage aliyekuwa anaweka kidole upande wa pili. Alikuwa na mteja wake mzee, hohehahe, na kila akija anamwongezea uzito kwa kidole ili mzee asijue anasaidiwa. Kisheria nilipaswa kuandika. Sikuandika. Nilisimama pale nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Barua yako ina kidole, mwanangu. Nimekiona kwenye "imepitwa". Ufunguo wangu haujapitwa na chochote, nilichagua mwenyewe ulio imara kuliko yote. Mimi ndiye niliyesahau neno lake. Nililibadilisha neno siku moja kabla ya operesheni kwa kuogopa nitaropoka, na sikuamka nalo. Nimejaribu kuku wa kila rangi. Bata naye hajarudi.

Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ukijua utaacha kuniuliza mambo, utabaki kuniuliza hali. Halafu nikafika mwisho wa barua yako. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Ulishajua, na bado ukaniuliza. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mama yako akaja akakaa pembeni yangu.

Sasa nikujibu, kwa kuwa umeuliza. Ningekuwa mimi nisingedanganya watumiaji kwamba ufunguo umezeeka. Ningewaambia ukweli, maana siku wakigundua tuliwadanganya kwa ufunguo, hawatatuamini tena kwa kijiko. Mengine yote ningefanya kama wewe. Mwambie Pacha abonyeze kitufe chake. Ndiyo, amenipigia, akajifanya anauliza habari za drafti, hajui kuficha. Nimekubali Mlangoni pia, kwa sharti kwamba maelezo ya toleo hili nayaandika mimi.

Jambo moja limebaki, nalisema mara moja tu. Uliandika kwamba naogopa mstari wangu. Mstari ule niliuandika siku ile ile niliyopata barua yako ya kwanza. Upo kwenye kompyuta, tayari, unasubiri tu mlango ufunguke. Kusahau kulinitia aibu. Lile la mstari ndilo lililoniuma, nikaharibu na bomba.

Hiki kifunguo kidogo nimekifunga pamoja na funguo za nyumba. Mama yako ameshakitumia kukunia mgongo.

Baba


20 Machi

PISHI: MAELEZO YA TOLEO JIPYA
Kwa watumiaji wote

Toleo hili linarekebisha vipimo vidogo. Zamani kipimo chochote kilicho chini ya nusu kijiko kilikuzwa hadi nusu. Sasa kinabaki kilivyo. Anayetumia Pishi kupimia dawa achukue toleo hili leo, asingoje kesho. Shukrani kwa mfamasia aliyegundua, na kwa subira yake ambayo hatukuistahili.
Kosa hili ni langu, Baba.

Toleo hili limetiwa sahihi kwa funguo mpya. Ufunguo wa zamani haujaibwa wala haujaharibika. Aliyekuwa akiutunza alibadilisha neno lake la siri kisha akalisahau, halafu akaficha, na kwa kuficha kwake toleo mlilolihitaji likachelewa. Ufunguo huo umefutwa. Kuanzia leo toleo halitoki mpaka watu wawili wakubali. Funguo mpya zimethibitishwa na mmiliki wa kwanza wa kifurushi hiki, ambaye kwa sasa anapatikana kwenye karakana ya baiskeli.
Kosa hili nalo ni langu, Baba.

Kumdhania Baba kwamba anaogopa kuandika mstari wake.
Kosa hili ni langu, Kitinda.


20 Machi, jioni

Kitinda,

Mfamasia ameandika kwamba toleo limefika na karatasi ameibandua. Anasema gundi imeacha alama, ataifuta Jumatatu.

Nilifanya kama ulivyoelekeza. Nilichomeka kifunguo, Mlangoni ukauliza maswali yake. Umejaribu? Nimejaribu. Aliyekosea ameandika mstari wake? Ameandika, yote miwili. Mtambo ukasema wewe umeshasema ndiyo, imebaki ndiyo yangu, na ukaniuliza kama nimeyasoma maelezo mpaka mwisho. Nilikuwa nayajua, nimeyaandika mwenyewe, lakini chai ilikuwa bado ya moto, basi nikaanza kuyasoma kwa sauti kama kawaida yangu. Nikakuta mstari ambao sikuuandika.

Sheria ya kifurushi hiki unaijua. Mambo ya nyumbani hayaingii kwenye maelezo ya toleo. Mtu mwingine yeyote duniani angeuleta mstari kama huo ningemrudishia na maneno juu. Niliusoma tena, polepole, maana hili jicho jipya linatoa machozi ovyo, yule kijana alinionya.

Halafu nikagusa ndiyo, nikamwita mama yako aje asome.

Baba